Mbaazi, Jua na Algoriti

Hotuba kwa mkutano wa wajasiriamali wanaouza bidhaa na huduma kupitia mitandao ya kijamii. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wajasiriamali, akina mama, akina baba, vijana, hamjambo?

Asanteni kwa kuja. Naona wengine mmeketi huku simu ziko mikononi, mnachungulia posti ya asubuhi imefika wapi. Msizizime. Tutazihitaji mwishoni.

Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Siku hizi jua limepewa jina jipya, linaitwa algoriti, ile mashine ya mtandao inayoamua nani aone posti ipi. Mauzo yameshuka? Algoriti. Posti imepata laiki nane, tano kati yake ni za binamu zako? Algoriti. Mteja aliuliza bei juzi, leo hajibu? Hata huyo naye kachukuliwa na algoriti!

Lakini nina ugomvi kidogo na methali hii, na niuseme mapema ili msidhani nimetumwa kuitetea mitandao. Kuna wakati jua kweli halichomozi. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga posti kwa kufuata muda zilipowekwa, ikaanza kuzipanga kwa kukisia nani atapenda nini. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara na vyombo vya habari. Kulikuwa na tovuti ya Marekani iliyoitwa LittleThings, iliyoletewa wasomaji wake wengi na Facebook. Februari ya mwaka huohuo ikafunga milango, na mkuu wake alilitaja badiliko lile kuwa ndilo lililowakata miguu. Kwa hiyo hamuoti. Mabadiliko yapo, na yanaumiza.

Sasa, tuseme kosa ni lao. Tuseme tumewashtaki, tumeshinda kesi, na hukumu imesomwa mbele ya dunia nzima. Kodi ya mwisho wa mwezi atalipa nani? Mishahara atalipa nani? Lawama huuliza nani kakosea. Wajibu huuliza nani ataamka kesho asubuhi afanye nini. Haya ni maswali mawili tofauti, na biashara nyingi zinakufa huku mwenyewe bado anajibu lile la kwanza.

Jambo la kwanza ninalowaomba: kabla hujalaumu, hesabu.

Mwulize mtu anayelia na algoriti, imekubana tangu lini? Kutoka ngapi hadi ngapi? Mara nyingi atakuonyesha posti moja iliyopeta mwezi uliopita, halafu ile ya jana iliyolala. Basi, huo ndio ushahidi wote. Ni kama kupima mvua za mwaka kwa dhoruba ya usiku mmoja.

Tumchukulie dada mmoja anayeshona mikoba. Ni wa mfano tu, lakini mzoeeni, maana tutakuwa naye hadi mwisho. Mwezi wa kwanza aliposti mara 15. Posti 14 zilifikia watu 600 hivi kila moja. Moja ikalipuka, ikafika 48,000. Jumla ni 56,400. Ukigawa kwa 15 unapata wastani wa 3,760. Mwezi wa pili akaposti tena mara 15, kila moja ikafikia watu 650. Wastani ni 650. Akashika kichwa: jamani, nimeshuka karibu mara sita!

Ameshuka? Hakushuka. Amepanda. Posti yake ya kawaida ilikuwa inafikia watu 600, sasa inafikia 650. Kilichomdanganya ni ile moja iliyolipuka. Dawa yake ni rahisi: panga posti zako 15 kuanzia iliyofikia wachache hadi iliyofikia wengi, kisha tazama ya nane, ile ya katikati kabisa. Hiyo ndiyo hali yako halisi. Ya juu kabisa ni bahati njema, ya chini kabisa ni siku mbaya, na wala usijengee mipango juu ya hizo mbili.

Baada ya hapo chukua daftari. Naam, daftari la karatasi, kama huna mazoea ya majedwali ya kompyuta. Chora safu tano. Watu waliofikiwa. Watu waliofungua ukurasa wako. Watu waliotuma ujumbe. Watu walionunua. Watu walionunua kwa mara ya pili. Jaza kila baada ya siku 28, si kila mwisho wa mwezi, kwa sababu siku 28 ni wiki nne kamili na kila kipindi kinakuwa na Jumamosi nne na Jumatatu nne. Usilinganishe mwezi wenye Jumamosi tano na wenye nne halafu ukaita tofauti hiyo njama.

Safu mbili za kwanza utazipata kwenye takwimu za akaunti yako, bure, mradi akaunti iwe ya biashara. Tatu zilizobaki usisubiri mtandao ukupe. Ni zako kuhesabu. Na hapo ndipo wengi tunapokwama, kwa sababu tunajua tuna laiki ngapi lakini hatujui tulijibu watu wangapi.

Turudi kwa dada yetu. Mwezi wa tatu alifikia watu 6,200, akapata ujumbe 40, akauza mikoba 12. Mwezi wa nne akafikia watu 6,000, akapata ujumbe 41, akauza mikoba 5. Nawauliza: algoriti imefanya nini hapa? Imeleta watu mlangoni, karibu idadi ileile. Wameingia dukani. Wametoka mikono mitupu. Kilichoharibika kiko ndani ya duka.

Ukisoma daftari hivyo, kila safu inakueleza pa kwenda. Waliofikiwa wakipungua na vingine vikapungua kwa uwiano uleule, tatizo liko kwenye maudhui au kweli kuna badiliko kwenye mtandao. Waliofikiwa wakibaki palepale lakini ujumbe ukapungua, tazama unachokiuza na unavyokionyesha. Ujumbe ukiwa uleule na mauzo yakashuka, tazama majibu yako na bei. Na kama wa kununua mara ya pili hawapo kabisa, ndugu yangu, tazama bidhaa yenyewe.

Kuna wale wanaosema wamezuiwa kimyakimya, kwamba posti zao zinafichwa. Inawezekana. Lakini kwa Instagram huna haja ya kubahatisha. Ingia kwenye mipangilio, tafuta Hali ya Akaunti (Account Status), soma. Patakuonyesha kama kuna posti yako iliyoondolewa, na kama maudhui yako yanaruhusiwa kupendekezwa kwa watu wasiokufuata. Ukikuta kasoro, futa kilichotajwa au kata rufaa palepale. Ukikuta kila kitu ni safi, basi mchawi tumtafute kwingine.

Jambo la pili: algoriti haikujui, inawajua wateja wako.

Hili tulielewe vizuri kwa sababu linabadilisha namna ya kufanya kazi. Mashine haina kinyongo na wewe. Inachofanya ni kukisia: huyu mtu, kwa jinsi alivyozoea kutazama, akiona posti hii atasimama au atapita? Atamtumia rafiki yake au hatamtumia? Kisha inapanga foleni kwa kufuata makisio hayo. Ilipotangaza badiliko lile la 2016, Instagram ilisema kwamba kwa wastani watu walikuwa hawaoni asilimia 70 ya posti za wale wanaowafuata, na hiyo ni wakati posti bado zinapangwa kwa muda. Foleni ilikuwa ndefu mno hata kabla mashine haijaigusa.

Mwaka 2012 YouTube iliacha kutanguliza video zilizobofywa sana ikaanza kutanguliza zile zinazotazamwa kwa muda mrefu. Kwa nini? Kwa sababu watu walikuwa wanaweka picha ya kushtua nje na takataka ndani. Januari 2025 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, alitaja mambo matatu yanayobeba uzito zaidi: muda wa kutazama, laiki, na idadi ya watu wanaomtumia mwenzao posti hiyo. Akaongeza kwamba laiki zina uzito zaidi kwa wanaokufuata tayari, na kule kutumiana kuna uzito zaidi kukufikisha kwa wasiokufuata. Hakuna siri hapo. Amesema hadharani.

Sasa tuitazame video ya dada yetu. Ni ya sekunde 30. Sekunde ya kwanza hadi ya tano, nembo yake inazunguka na muziki. Ya tano hadi ya kumi, anasalimia: habari zenu wapendwa, karibuni tena kwenye ukurasa wetu pendwa. Mkoba unaonekana sekunde ya 12. Akifungua takwimu za video ile ataona mchoro wa watazamaji, na mstari umeporomoka kama mwamba kwenye sekunde ya tatu. Walioondoka hawakuuchukia mkoba. Hawakuuona!

Arekebishe vipi? Mkoba wenyewe unasifika kwa zipu yake, kwa sababu mikoba mingi hufia kwenye zipu. Basi video ianze na zipu. Mkono unaivuta mara moja, karibu kabisa na kamera, mlio unasikika, na juu yake maandishi: zipu hii haikwami hata mkoba ukijaa. Sekunde ya tatu mkoba umejazwa vitabu na chupa ya maji, anaivuta tena. Sekunde ya saba anaugeuza, tunaona mshono wa ndani na mfuko wa simu. Ya kumi na mbili anautundika begani ili tujue ukubwa wake, kwa sababu picha ya mkoba mezani haimwambii mtu lolote kuhusu ukubwa. Sekunde ya kumi na tano: bei, rangi zilizopo, namna ya kuagiza. Imekwisha. Nusu ya muda, na salamu tumeiacha kwa mteja atakayeandika.

Na yapo madogo yanayoharibu kazi nzuri. Maandishi yakiwekwa chini kabisa ya fremu hufunikwa na jina la akaunti na maelezo. Yapandishe hadi katikati au juu yake kidogo. Wapo wanaotazama bila sauti, kwa hiyo unachosema kiandike. Usichukue video uliyoipakua kutoka mtandao mmoja, ikiwa na nembo ya mtandao huo, ukaitupa kwenye mwingine. Tangu 2021 Instagram ilisema wazi kwamba video za namna hiyo itazipunguzia nafasi ya kuonekana. Hifadhi faili asilia kwenye simu, uipakie safi kila mahali. Na taa: simama ukiangalia dirisha, dirisha lisiwe nyuma yako. Inashangaza ni biashara ngapi zinauza kivuli.

Msinielewe vibaya. Sisemi ukifanya haya utalipuka. Nasema ukifanya haya, ukirudi kulalamika, malalamiko yako yatakuwa na miguu.

Jambo la tatu, ndugu zangu, ndilo lililonileta hapa. Inboksi.

Hapa hakuna algoriti. Mteja amekwisha kukuona, amekwisha kukupenda, ameacha alichokuwa anafanya, ameandika. Mashine imemaliza kazi yake. Mmebaki wewe na yeye. Na hapa ndipo fedha inapomwagika kuliko mahali pengine popote.

Sikilizeni mazungumzo haya. Mteja: "Bado ipo?" Muuzaji, baada ya saa nne: "Ndiyo." Kimya. Mwisho wa mazungumzo.

Mnacheka kwa sababu mnayajua! Kila mmoja wetu amewahi kuwa upande mmoja wa mazungumzo hayo. Sasa, mteja alitaka kujua kama ipo? Hapana. Alikuwa anabisha hodi. Alikuwa anasema: mimi hapa, nina hamu, niongoze. Ukamwambia "ndiyo" ukaondoka. Umefungua mlango, ukamtazama usoni, ukaurudisha.

Na kuna ile nyingine: "Bei njoo inboksi." Wapo wanaoamini kwamba kuficha bei kunaongeza komenti, na komenti zinaipandisha posti. Haya, zinaongezeka. Watu 60 wameandika "bei?" chini ya posti. Una uwezo wa kuwajibu wote 60 kabla hawajapoa? Na walioona aibu kuuliza, wakapita, umewahesabu? Hao hawako kwenye takwimu yoyote. Maoni yangu, na wenye maoni tofauti tutakutana kwenye maswali: kama bei yako haibadiliki kwa kila mteja, iandike. Kama inabadilika kwa ukubwa au umbali, andika inaanzia ngapi na nini kinaipandisha. Mwenye kuuza kazi ya kupimwa kwanza, kama fundi wa nyumba, huyo ana sababu ya kusubiri. Mwenye kuuza mkoba uleule kwa kila mtu hana.

Jibu zuri lina sehemu tatu, na linaingia kwenye mistari minne ya simu. Kwanza jina lake. Pili jibu kamili la alichouliza pamoja na lile ambalo angeuliza baadaye. Tatu, swali moja, moja tu, linalomsogeza mbele. Dada yetu aliulizwa "Bado ipo?" Ajibu: jina la mteja, ndiyo ipo, nyeusi na kahawia, bei ni hii, pamoja na mkanda wa begani, unaletewa ndani ya siku mbili. Nikuwekee rangi gani? Basi. Swali la rangi ni jepesi kulijibu. "Uko tayari kulipa sasa?" ni zito mno kwa mtu aliyebisha hodi tu. Na maswali matatu kwa mpigo ni karatasi ya mtihani, mtu ataahirisha.

Mtaniambia, hatuna muda wa kuandika hayo yote kwa kila mtu. Sawa. Ukitumia WhatsApp Business, ile programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, kuna majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, na kila ukiandika alama ya mkwaju (/) na jina hilo jibu zima linajitokeza. Unaweza kuhifadhi hadi 50. Wengi wanahitaji saba. Moja la bei na rangi. Moja la vipimo. Moja la usafirishaji na siku zake. Moja la namna ya kulipa. Moja la kuthibitisha kwamba malipo yameingia. Moja la kurudisha au kubadilisha. Na moja la kumfuatilia aliyenyamaza. Lakini kabla hujagusa kitufe cha kutuma, weka jina lake na usome ulichotuma, kwa maana hakuna kinachoudhi kama kuuliza vipimo ukajibiwa namna ya kulipa.

Kuna lebo pia, alama za kuwapanga wateja kwa makundi. Mteja mpya, anasubiri kulipa, amelipa, mzigo umefika. Kila jioni fungua ile ya "anasubiri kulipa" na usome majina. Huyu alisema atalipa Ijumaa; leo ni Jumatatu. Mwandikie mara moja, kwa upole: bado nimekuwekea, au niuachie? Akisema uachie, mshukuru. Ujumbe wa kufuatilia mara mbili unatosha. Wa tatu ni usumbufu, na mtu aliyesumbuliwa huzuia namba, nawe hutapata nafasi ya nne.

Na muda wa kujibu. Huwezi kukesha, na hutakiwi kukesha. Andika saa zako za kazi mahali panapoonekana, washa ujumbe wa kujibu wenyewe nje ya saa hizo, na ndani yake useme utajibu saa ngapi. "Tumepokea ujumbe wako, tutakujibu kesho saa tatu asubuhi" ni ahadi. Ikifika saa tatu, timiza. Anayeuliza saa mbili usiku huwa ameuliza kurasa tatu kwa pamoja, na mara nyingi anayepata mauzo si mwenye mkoba mzuri zaidi. Ni aliyejibu wa kwanza, akajibu vizuri.

Dada yetu aliposoma upya zile jumbe 41 za mwezi wa nne alikuta nini? Tuseme 9 hazikujibiwa kabisa, ziliingia kwenye lile folda la maombi ya ujumbe, la watu usiowafuata, ambalo mara nyingi hupati taarifa yake. Watu 14 walijibiwa "ndiyo" au bei tupu, wakanyamaza. Watu 6 walikubali, wakasubiri namba ya malipo hadi wakachoka. Wengine 7 bei iliwashinda kweli, na hilo ni halali. Watano wakanunua. Jumlisheni: 9 na 14 na 6 na 7 na 5. Ndiyo, 41. Watu 29 kati yao walipotelea mikononi mwake mwenyewe. Angekuwa bado anashtaki algoriti, asingefungua lile folda.

Jambo la nne nitalipitia kwa haraka kidogo, ingawa ndilo linalokuokoa siku jua likizimika kabisa. Mitandao ni nyumba ya kupanga. Wafuasi si mali yako, ni mali ya mwenye nyumba.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Hawakuvamiwa na mtu. Ilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na mlango wa kurudia ndani nao ukafungwa. Aliyekuwa na ukurasa Facebook, oda WhatsApp na picha Instagram alidhani ana maduka matatu. Alikuwa na moja lenye milango mitatu. Juni 2020 serikali ya India ilizuia programu 59, TikTok ikiwemo, na waliokuwa na mamilioni ya wafuasi waliamka wakiwa hawana hata mmoja. Vine, mtandao wa video fupi, ilitangaza kufungwa Oktoba 2016. Mwaka 2019 Myspace, mtandao wa kijamii wa zamani, ilikiri kwamba picha, video na muziki uliopakiwa zaidi ya miaka mitatu nyuma ulipotea wakati wa kuhamisha seva.

Kwa hiyo tunza orodha yako. Jina, namba, barua pepe kama ipo, alinunua nini, lini, na lini huenda akahitaji tena. Safu ya mwisho iwe ridhaa: alikubali kupokea ujumbe wako au la. Kuchukua namba ya mtu aliyelipa mara moja ukamtupia kwenye kundi ni kumfukuza. Orodha hiyo ikae mahali pawili, na mahali pa pili pasiwe simu yako.

Wanaotumia orodha ya kutuma kwa wengi ya WhatsApp, kumbukeni mambo mawili: kila orodha inabeba watu 256, na ujumbe huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako. Ndiyo maana wengine mnatuma kwa 256 mnajibiwa na watatu, kisha mnasema WhatsApp nayo imeanza. Hawajakuhifadhi! Waombe wakati wa kukabidhi mzigo, mteja akiwa bado anatabasamu, na uwape sababu: hifadhi namba hii, ndiyo utakayoitumia zipu ikisumbua.

Na ulinzi. Baadhi ya akaunti zinazosemekana kumezwa na algoriti ziliibwa tu, au nywila anayo kijana aliyeacha kazi kwa hasira. Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, andika zile namba za akiba, za kuingilia ukipoteza simu, kwenye karatasi. Weka pia faili moja lenye kitambulisho chako na cheti cha usajili wa biashara, maana akaunti hufungwa kimakosa na mashine, na anayerudishiwa haraka ni mwenye vielelezo.

Mtaniuliza, na matangazo ya kulipia? Lipia posti ambayo tayari watu wanaipenda bila kulipiwa. Ukilipia ile iliyolala, umenunua watu wengi zaidi wa kuipita. Na usilipie chochote kabla inboksi yako haijarekebishwa. Kuongeza maji kwenye ndoo iliyotoboka ni kulowanisha sakafu.

Nimesema simu tutazihitaji. Sasa ndio wakati. Fungueni inboksi, pamoja na lile folda la maombi. Telezesheni chini hadi wiki mbili nyuma. Kuna mtu pale aliuliza kitu akajibiwa nusu, au hakujibiwa. Usianze na maelezo marefu ya ulikuwa wapi. Jina lake, jibu la alichouliza, swali moja. Nawapa dakika kumi na mimi nanyamaza. Atakayejibiwa kabla hazijaisha anyooshe mkono, tuanze maswali na yeye.